Ukuta wa Upande wa Wikio

Wageni waliofika kwa Mzee Kamaludin mara ya kwanza waliweza kukaa, wakazungumza na kucheka, bila kutambua kwamba mwenyeji wao haoni. Aliwafungulia mlango mwenyewe, akawatangulia ngazini, akawaonyesha pa kukaa, akawamiminia kahawa bila kumwaga tone. Ilikuwa mpaka mtu amnyooshee kitu kimyakimya, na mkono wa mzee usije kukipokea, ndipo mgeni alipoelewa na kuinamisha kichwa kwa haya.

Presha ya macho ndiyo iliyomwibia nuru, kidogo kidogo, kwa miaka mingi, na hiyo miaka ilimpa nafasi ya kuihifadhi nyumba yote mikononi. Ilikuwa nyumba ya mawe na chokaa ndani ya Mji wa Kale, ya ghorofa moja, yenye dari ya boriti na ukumbi mrefu. Aliijua kwa viganja. Kutoka chumbani hadi ngazini, na kutoka ngazini hadi mlangoni, ukutani palikuwa na mstari mweusi uliong'aa, usawa wa kiuno, mahali alipopitisha mkono kila siku. Alfajiri alishuka peke yake, akafuata kuta za kichochoro mpaka msikitini, akarudi. Hakupenda kushikwa mkono.

Alikuwa fundi wa kanzu, na kazi hakuiacha. Cherehani yake aliiweka ndani ya wikio, kile chumba chembamba kilichopita juu ya kichochoro na kuziunganisha nyumba mbili, yao na ya jirani. Waliozijenga nyumba hizo walikuwa ndugu, na walitaka wake zao watembeleane bila kushuka njiani. Upepo wa pwani ulipita humo mchana kutwa. Mzee alikaa hapo akishona mishono ya kunyooka, akiyaacha mapambo ya shingoni kwa wenye macho.

Aliishi na binti yake mdogo, Swabaha, aliyerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika, sasa amekwisha kupita thelathini. Mama alikuwa amefariki zamani. Dada mkubwa, Nabiha, alikuwa na mume na watoto kule Majengo, katika vyumba vya kupanga, na alikuja kila Ijumaa na chakula ndani ya hotipoti.

Swabaha alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule moja ya wasichana kisiwani. Mwaka huo wa tisini na saba, kabla ya mvua za masika, alikuwa akisomesha kidato cha pili habari za nguvu na msawazo. Somo lilikuwa la Kiingereza, lakini mambo yalipokwama aliyashusha kwa Kiswahili.

"Kitabu kiko juu ya meza," aliwaambia siku moja. "Uzito wake unakivuta chini. Mbona hakiendi chini?"

"Meza imekizuia," wakajibu.

"Imekizuia vipi? Kwa kukisukuma juu, kwa nguvu iliyo sawa na ule uzito. Nguvu mbili, moja juu, moja chini. Ukizijumlisha pamoja na mielekeo yake, unapata sufuri. Kwa hivyo kitabu kimetulia."

Msichana mmoja kutoka Kaloleni, jina lake Purity, alinyoosha mkono. "Mwalimu, meza haina mikono. Itasukumaje?"

Wenzake walicheka. Swabaha hakucheka, kwa kuwa yeye mwenyewe alipokuwa na umri ule jambo hilo lilimsumbua, akaona haya kuuliza. Alitoa leso kutoka mkobani, ile aliyoswalia mchana, akaitandaza juu ya meza.

"Leso imetulia?"

"Imetulia."

Akawaita wasichana wawili, kila mmoja ashike pindo na avute kwa nguvu zake zote bila kumshinda mwenzake. Leso ikakaza baina yao, ikatulia hewani.

"Na sasa imetulia?"

"Imetulia."

"Njoo uiguse, Purity."

Purity akaweka kiganja juu ya leso, akakiondoa, kisha akakirudisha. Kitambaa kilikuwa kigumu kama ngozi ya ngoma. Akakaa akifikiri, halafu akauliza jambo ambalo Swabaha hakulitarajia.

"Basi mwalimu, kitu kikiwa kimetulia, nitajuaje kama hakisukumwi na chochote, au kinasukumwa sana huku na huku?"

"Kwa kutazama tu, hutajua," Swabaha akamjibu. "Mpaka ukiguse. Au mpaka upande mmoja uachie."

Msichana mmoja akaachia, mwenzake akaenda nyuma akajigonga dawatini, na darasa likalipuka kwa kicheko.

Alasiri hiyo Swabaha aliporudi nyumbani alimkuta Ami Abdulghafur, mwenye ile nyumba ya jirani, amekaa ukumbini na babake. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, anayeuza vitambaa Biashara Street, na alikuwa akikizungushazungusha kikombe cha kahawa bila kunywa.

"Nyumba yangu imekufa, kaka Kamaludin," alikuwa akisema. "Paa limeshuka, wapangaji wamekimbia. Kibali nimepata. Nitaivunja nijenge upya, watoto wapate pa kukaa. Lakini nikiivunja, wikio litakwenda nalo. Limeegemea kwangu nusu, kwenu nusu. Nimekuja kukuomba radhi."

Mzee Kamaludin aliuelekeza uso wake kule liliko wikio. "Ni haki yako," alisema mwishowe. "Nambie siku tu, niitoe cherehani yangu."

Ami Abdulghafur alimshukuru, akaupokea mkono wake kwa mikono miwili, akaondoka. Mzee akaomba kahawa nyingine. Lakini Swabaha alikuwa amekwisha kusimama mbele ya ukuta wa upande ule, akiutazama kama hajapata kuuona. Palikuwa na ufa mwembamba ulioteremka kutoka darini hadi karibu na ngazi. Ulikuwapo tangu utoto wake, na Nabiha alipokuwa mdogo alikuwa akiutia vijiti vya kiberiti.

Wavunjaji walipokuja kupima, Swabaha alimwendea msimamizi wao, Fundi Ngowa, akaazima kwake timazi, ule uzi wa waashi wenye chuma nchani. Alining'iniza ule uzi kutoka dirisha la juu, chuma chake kikatulia karibu na ardhi, na hapo uzi ukaonyesha jambo ambalo jicho lilikuwa limelizoea: ukuta ulikuwa umeinamia kichochoroni, umeielekea nyumba ya jirani. Upana wa kiganja, na zaidi. Boriti za wikio ndizo zilizouzuia, zikiusukuma nyuma, na zenyewe zikisukumwa na nyumba ile nyingine iliyongoja kuvunjwa.

Alimweleza babake jioni ile ile, baada ya magharibi.

"Hunu ukuta haujasogea tangu nizaliwe," mzee alisema.

"Haujasogea kwa sababu unasukumwa sawasawa pande zote mbili, baba. Uzito wake unataka kwenda njiani, na nyumba ya Ami inaurudisha. Akiondoa yake, utabaki msukumo mmoja tu."

"Na babangu alikuwa akijua hayo?"

"Sijui, baba."

"Hakujua. Alilala, akaamka, akazeeka." Akatabasamu kidogo. "Basi mwambie fundi aweke miti."

Fundi Ngowa alikubali kuweka miti ya kuegemeza. Lakini kazi ya kuvunja ilipoanza ilikwenda mbio kuliko ahadi. Mchana mmoja Swabaha alirudi kutoka shule akakuta wikio halipo. Mbingu ilionekana mahali ambapo hajapata kuiona, na tundu lililobaki ukumbini limezibwa kwa mbao. Babake alikuwa amekaa na cherehani yake pembeni, amegeuza uso, akisikiliza kichochoro kilichokuwa na sauti mpya.

Siku ya pili Swabaha alikoroga chokaa, akapaka kidogo juu ya ufa, mahali pawili patatu, ikakauka ikawa kama plasta. Chokaa haivutiki, ukuta ukisogea hata kama uzi, itapasuka. Haikupita juma, ikapasuka. Alimwendea Ngowa pale pale kwenye kifusi, buibui lake likiburura vumbi.

"Ukuta unakwenda, fundi."

Ngowa hakubisha. Alipanda akaangalia, akatikisa kichwa, na siku ile ile akaleta magogo mazito ya mkoko, akayasimamisha kwa mshazari kutoka chini hadi usawa wa dari, miguu yake akaifukia ardhini na kuikazia kabari. Aligonga kabari hadi magogo yakalia.

"Itasimama," alisema.

"Una hakika?"

"Nimeweka miti, mwalimu. Hakika ni ya Mungu."

Swabaha akapaka chokaa mpya juu ya ufa. Halafu masika yakaanza.

Tabu yake ilikuwa hiyo: alijua nguvu zote zinaelekea wapi, ila hakujua kiasi chake. Angeweza kuchora ukuta ule ubaoni, akaweka mshale wa uzito, mshale wa miti, mshale wa ardhi. Lakini ndani ya ukuta mlikuwa na mawe gani, chokaa gani, uwazi gani? Mvua ikinyonywa na yale mawe, uzito utaongezeka kwa kiasi gani? Ardhi ikilainika, miguu ya magogo itashika? Hakuna kitabu kilichomwambia. Kila alipokuwa darasani na mvua ikapiga mabati, alimwona babake amekaa chini ya ukuta ule, akiuvuta uzi kwa meno.

"Tuhame, baba," akamwambia. "Miezi michache tu, mpaka Ami amalize kujenga. Nimeona fleti kule Makupa."

"Mimi na Makupa wapi na wapi?"

"Nakuomba."

"Miti imewekwa."

"Siiamini ile miti."

"Basi wewe nenda, mwanangu. Mimi ni mzee. Nyumba ikinifunika, itakuwa imenizika na gharama imeokoka."

Alisema hivyo kwa mzaha, lakini Swabaha alilia, na mzee akasikia kwamba analia. Akanyoosha mkono, akamtafuta, akampata begani.

"Ukiwa shuleni huko, wasomesha?"

"Sisomeshi, baba. Wanafunzi wananiuliza swali, nawauliza wamesema nini."

Mzee akakaa na mkono wake pale begani kwa muda. "Haya," alisema. "Tutahama. Lakini ujue nahama kwa ajili yako, si kwa ajili ya ukuta."

Nabiha alipoambiwa alinuna. "Utamtoa katika nyumba anayoijua uende ukamtie kwenye sanduku?" Hata hivyo alikuja kusaidia kufunga vyombo. Siku ya kuhama, mzee aliteremka ngazi kwa mwendo wake wa kila siku, mkono ukutani. Alipofika mlangoni alisimama, kisha akamnyooshea Swabaha mkono amshike. Hakuwa amefanya hivyo kabla.

Fleti ilikuwa ghorofa ya pili, katika jengo lenye milango iliyofanana. Kuta zilikuwa laini kwa rangi ya mafuta, hazina kovu wala kona ya kumwambia mtu yuko wapi. Nje, malori yaliyotoka bandarini yalinguruma kutwa, na makondakta wakaita abiria, na sauti zote zikaingia pamoja zisijulikane zimetoka upande gani. Mzee alizoea kujua saa kwa sauti za mtaa: muuza mkate, mtoto wa chuo cha Kurani, mlango wa msikiti ukifunguliwa. Huko Makupa alimwuliza Swabaha saa ngapi, akamwuliza tena.

Msikiti haukuwa mbali, lakini ulikuwa ng'ambo ya barabara. Swabaha alipokuwa shule, mzee alibaki ndani. Mlango wa pili aliishi Mirriam, mama wa Kirabai aliyefanya usafi hospitalini kwa zamu. Siku zake za mapumziko alimpeleka mzee mpaka mlango wa msikiti, akamngojea nje na viatu vyake mkononi.

"Mama Mirriam," mzee alimwambia mara moja, "wewe huendi kanisani, kwa kunipeleka mimi msikitini?"

"Naenda Jumapili, babu. Wewe huna haja nami Jumapili, binti yako yuko."

Mzee alicheka, na Swabaha alipoambiwa habari ya kicheko hicho alifurahi kupita kiasi, kwa kuwa kicheko kilikuwa kimekwisha kuadimika. Cherehani ilikuwa dirishani, haishoni. Alisema hapana upepo. Alisema pia uzi wa huku unakatika, ingawa ulikuwa uzi ule ule. Alipunguza kula. Alianza kulala mchana. Kahawa alikuwa akimiminiwa, kwani alijaribu mwenyewe akamwaga, na tangu hapo hakujaribu tena.

"Ukifika tu mwezi wa nane, Ami atakuwa amemaliza," Swabaha alimwahidi.

"Inshallah," mzee alijibu, kwa sauti ya mtu anayemwitikia mtoto.

Ilikuwa Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Asubuhi moja, Swabaha amekwenda kazini, mzee alisikia kaswida kutoka mahali fulani, labda ni redio ya jirani, labda ni watoto wa chuo waliopita chini. Hakuna aliyejua kwa yakini aliwaza nini. Alivaa kanzu na kofia yake, akatoka peke yake. Milango ilikuwa imefanana na kuta zilikuwa laini. Ukuta ulipokwisha, mkono wake ulipata hewa, na mguu wake ulipata ngazi kabla ya kutarajiwa. Mirriam alisikia kishindo, akatoka na kanga yake ya kulalia, akamkuta amekaa kwenye pembe ya ngazi, kofia mkononi, akiomba radhi kwa usumbufu.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Hospitalini walimlaza, wakamfunga mguu, wakasema kwa umri wake ni kungoja. Kulala chali kukamletea kifua. Swabaha aliomba ruhusa shuleni, akakaa naye. Siku moja ambapo homa ilikuwa imeshuka kidogo, alimwambia kile alichokuwa amekimeza.

"Nisamehe, baba. Ni mimi niliyekuleta."

"Ulinileta ukiogopa nisife," mzee alisema kwa taabu. "Nani atakasirikia hilo?" Akapumzika. "Ila ile miti, Swabaha. Yule fundi aliikaza. Nilisikia ikilia."

Alifariki Alhamisi, mchana, na akazikwa jioni. Watu wa Mji wa Kale walijaa. Kila mwanamume alikuwa amevaa kanzu, na baadhi ya kanzu hizo alizishona yeye. Matanga yaliwekwa Majengo kwa Nabiha. Siku ya hitima, wanawake walipokwisha kuondoka na vyombo vikioshwa, Nabiha alisema bila kumtazama mdogo wake, "Ungemwacha kwake, angekuwa hai."

Swabaha aliendelea na vyombo. Alisuuza sahani, akaifuta, akaiweka juu ya nyingine. Tangu siku hiyo dada wawili walisalimiana na kujuliana hali, na basi.

Baada ya arubaini Swabaha alichukua ufunguo, akaenda kuitazama nyumba. Alikuwa hajaingia tangu siku ya kuhama. Alipanda ngazi akijilazimisha, na kwa kuwa mguu ulikwenda wenyewe, alijikuta mbele ya ukuta wa upande wa wikio. Chokaa aliyoipaka mara ya pili ilikuwa pale pale. Alipeleka uso karibu, akapitisha ukucha juu yake, akaitazama kwa pembeni mahali mwanga ulipoingia baina ya mbao. Haikuwa na hata alama ya unywele. Masika yote yalikuwa yamepita na ukuta haukusogea.

Aliketi chini, sakafuni. Alilielewa jambo lile kama angelilieleza darasani: nguvu iliyoondoka pamoja na nyumba ya jirani ilirudishwa na magogo ya Ngowa, na kuanzia saa ile kabari zilipokazwa, jumla ikawa sufuri tena. Siku aliyomshika babake mkono wakatoka mlangoni, nyumba ilikuwa imekwisha kutulia. Aliiomba miti iwekwe, ikawekwa, ikafanya kazi yake; na yeye ndiye ambaye hakuiamini. Alikaa hapo mpaka adhana ya alasiri, na hakulia, kwa kuwa kulia kungekuwa nafuu.

Mwishoni mwa mwaka zikaja zile mvua ambazo watu waliziita elinino, mvua za kuvunja madaraja na kuzoa mashamba. Mjini palianguka kuta kadhaa. Kila radi ilipopiga, Swabaha aliketi kitandani kule Makupa akitamani jambo ambalo asingethubutu kumwambia mtu: kwamba ukuta ule uanguke. Ukianguka na nyumba ni tupu, hautamdhuru yeyote, na yeye atakuwa alifanya la haki. Mirriam alikuja akamgongea, akamkuta na macho mekundu.

"Unaomboleza mpaka leo, mwalimu?"

"Naomba nyumba ya babangu ianguke, mama Mirriam."

Mirriam hakushangaa, au kama alishangaa alificha. Alikaa kando yake. "Na isipoanguka?"

"Basi nilimuua bure."

"Mimi ndiye niliyemkuta ngazini," Mirriam alisema. "Nilikuwa nimelala kwa sababu ya zamu. Kama ningekuwa macho ningesikia mlango wake. Nimelifikiri hilo sana. Kisha nikaona nikiendelea kulifikiri sitaweza kwenda kazini." Akainuka akaenda jikoni. Alimpikia uji, akaukoroga mpaka ukapoa, akamwachia.

Ukuta haukuanguka. Mvua zikakatika, Ramadhani ikapita, Idi ikapita, na nyumba mpya ya Ami Abdulghafur ikapanda kwa zege na nondo hadi ikaipita ile ya Mzee Kamaludin. Ngowa akajenga mihimili ya zege baina ya nyumba mbili, juu ya kichochoro, mahali lilipokuwa wikio, halafu akayatoa magogo moja moja, akisubiri siku kadhaa baina ya kila moja.

Mfungo Tatu, mwezi wa Hija, Nabiha alikuja Makupa. Hajapata kukanyaga pale tangu msiba. Alikaa ukingoni mwa kiti, hakufungua buibui.

"Mwenye nyumba wetu anataka vyumba vyake," alisema. "Mume wangu asema tuhamie kwa baba. Nimekuja kukuuliza. Itasimama?"

Swabaha alimtazama. "Waniuliza mimi?"

"Nimuulize nani? Wewe ndiye uliyesoma mambo hayo."

"Nilikosea, dada. Wewe mwenyewe ulisema."

"Nilisema ungemwacha. Sikusema hukujua." Nabiha alisogea mbele kitini. "Nina watoto. Sikuulizi unaogopa nini. Nakuuliza unajua nini."

Kesho yake walikwenda pamoja. Swabaha aliazima timazi kwa Ngowa, akaining'iniza kutoka dirishani, akapima juu, akapima chini. Aligonga ukuta kwa fundo la kidole kutoka pembe hadi pembe, akisikiliza palipo pazito na palipo wazi. Alitoka nje akatazama mihimili mipya, imeshika wapi, imekalia nini. Alifanya polepole, na Nabiha akamfuata nyuma akimshikia mkoba.

"Umeinama vile vile," Swabaha alisema mwishowe. "Utabaki umeinama. Lakini umeshikwa, na aliyeushika ana nguvu kuliko yule wa zamani. Kila masika upake chokaa kwenye ufa, uitazame. Ikipasuka, utoe watoto siku hiyo hiyo, kisha ndipo uniite."

"Na isipopasuka?"

"Kaeni."

Neno hilo lilimtoka kwa shida, na baada ya kulisema akarudi ndani, akakaa kwenye ngazi. Nabiha akakaa ngazi ya chini yake. Huko nje mtu alikuwa akitembeza samaki, akiita. Nabiha alijipangusa uso kwa ncha ya buibui.

"Rudi nawe tukae sote," alisema. "Chumba kipo."

"Siwezi, dada. Bado."

Walihamia kabla ya mwezi kwisha. Swabaha alibaki Makupa, na akaendelea kusomesha. Siku za Ijumaa, shule ikitoka mapema, huenda Mji wa Kale kula chakula cha mchana. Nabiha hutandika mkeka ukumbini na watoto hukaa popote wapendapo, wengine wameegemea ukuta ule ule, miguu wameinyoosha, wakigombania nyama. Swabaha huketi upande wa pili, karibu na mlango. Hula kidogo, akiwatazama. Nabiha humwona, humwongezea wali bila kumwambia sogea.